Fuwele za Dawa Zinazozaliwa Ndani ya Shinikizo

Kila ninapoulizwa kwa nini mtu ajisumbue kutengeneza poda ya dawa ndani ya chombo kizito cha chuma, chini ya shinikizo linalozidi lile la hewa ya kawaida mara mia moja na zaidi, jibu linalotarajiwa ni moja: ili chembe ziwe ndogo. Jibu hilo ni la kweli, lakini limerudiwa mno hata likafunika jambo ambalo kwangu mimi lina uzito zaidi. Chembe ndogo hupatikana kwa njia nyingi. Kilicho adimu ni njia inayomwezesha mtengenezaji kuamua, kabla fuwele haijazaliwa, itakuwa na ukubwa gani, umbo gani, na mpangilio gani wa molekuli ndani yake, tena aamue kwa kugeuza vali ya shinikizo bila kubadilisha kemikali hata moja. Giligili za superkritikali, yaani maada iliyopashwa moto na kubanwa kupita kiwango ambacho kiowevu na gesi havitofautiani tena, zinatoa nafasi hiyo. Zinaitoa kwa masharti, na masharti hayo ndiyo ninayotaka kuyaeleza.

Kwanza, kwa nini ukubwa wa chembe ni muhimu. Mwaka 1897 Arthur Noyes na Willis Whitney walionyesha kwamba kasi ya kitu kigumu kumumunyuka inategemea pengo lililopo kati ya ukolevu wa mmumunyo uliojaa na ukolevu wa mmumunyo unaokizunguka kitu hicho. Waliowafuata wakaingiza katika hesabu hiyo eneo la uso wa kitu chenyewe. Matokeo yake kwa dawa ni rahisi kuyaona. Ukichukua mchemraba wenye upande wa mikromita 100 ukaugawa kuwa michemraba yenye upande wa mikromita 2, uzito haubadiliki, lakini eneo la uso linaongezeka mara 50. Dawa isiyopenda maji, ambayo ingepita tumboni na utumbo wote kabla ya kumumunyuka ya kutosha, sasa inapata nafasi ya kuingia katika damu. Griseofulvin, dawa ya fangasi, ni mfano unaojulikana sana: chembe zake ziliposagwa kufikia ukubwa wa mikromita chache, dozi iliyohitajika ilishuka kufikia karibu nusu. Kwa dawa za kuvutwa hadi mapafuni, kama zile za pumu, sharti ni kali zaidi. Chembe inayofaa ni ile yenye kipenyo cha mikromita 1 hadi 5 kwa jinsi inavyosafiri hewani. Iliyo kubwa kuliko hapo hugonga koo ikabaki huko, na iliyo ndogo sana huelea na sehemu yake kubwa hutolewa tena na pumzi.

Njia iliyozoeleka ya kufika hapo ni kusaga. Kinu cha upepo huzirusha fuwele kwa mikondo ya hewa au naitrojeni yenye kasi kubwa, zikagongana zenyewe kwa zenyewe mpaka zikavunjika. Ni kazi inayofanyika viwandani kila siku, nami siidharau. Lakini kusaga ni kuvunja kilichokwisha kuumbwa, kama fundi anayetafuta matofali madogo kwa kuyapiga makubwa nyundo: ukubwa ataupata, kingo hatazipata. Uso wa fuwele iliyovunjwa unakuwa na maeneo ambayo molekuli zake zimepoteza mpangilio, yaani zimekuwa katika hali ya amofasi, na maeneo hayo yana nishati ya ziada. Yanafyonza unyevu, na kadiri siku zinavyopita yanajipanga upya kuwa fuwele, mara nyingi yakizigandisha chembe jirani. Juu ya hayo, msuguano unaziachia chembe chaji za umeme, ndiyo maana poda iliyosagwa sana hung'ang'ania kuta za chombo na kukataa kumiminika. Tunakuwa na chembe ndogo ambazo hazitulii, na dawa isiyotulia ni tatizo hata kama vipimo vya siku ya kwanza vinapendeza.

Wazo la kuacha kuvunja na badala yake kuisimamia fuwele inapozaliwa lina historia ndefu kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1822 Charles Cagniard de la Tour, Mfaransa, alikifungia kiowevu pamoja na tufe ndani ya mtutu uliozibwa, akaupasha moto huku akiubingirisha na kusikiliza. Joto lilipovuka kiwango fulani, mlio wa tufe lile ulibadilika, kwa sababu mpaka kati ya kiowevu na mvuke wake ulikuwa umetoweka. Mwaka 1869 Thomas Andrews, aliyefanya kazi Belfast, aliichunguza kaboni dioksaidi kwa subira ya ajabu, akaonyesha kwamba juu ya takriban nyuzi 31 za Selsiasi hakuna shinikizo litakaloigeuza gesi hiyo kuwa kiowevu. Hapo ndipo ilipo nukta ya kritikali. Juu ya nukta hiyo, katika joto na katika shinikizo pia, kuna hali moja tu ya maada, inayokaribia msongamano wa kiowevu huku mnato wake ukibaki karibu na ule wa gesi.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1879, James Hannay na James Hogarth waliripoti jambo ambalo kwa wakati ule halikuwa na matumizi. Waligundua kwamba chumvi kama iodidi ya potasiamu humumunyuka katika ethanoli iliyopitishwa nukta yake ya kritikali, na kwamba shinikizo linapopunguzwa chumvi hiyo hujitenga ghafla, ikielea kama theluji ndani ya gesi. Wote wanaounda fuwele za dawa kwa njia hii leo wanafanya kazi juu ya jambo hilohilo. Ilichukua zaidi ya karne moja mpaka Val Krukonis, mwanzoni mwa miaka ya 1980, alipolichukua kwa makusudi kama njia ya kupata chembe ndogo za vitu vigumu kusagwa.

Kaboni dioksaidi inatawala fani hii kwa sababu ya namba mbili: nyuzi 31 na megapaskali 7.38. Maji yana nukta ya kritikali kwenye nyuzi 374 na megapaskali 22.1, na molekuli nyingi za dawa zingeharibika kabla ya kufika huko. Ethanoli inahitaji nyuzi 241 na inashika moto. Kaboni dioksaidi haiwaki, inapatikana kwa urahisi ikiwa imetokana na shughuli nyingine za viwanda, na shinikizo linaposhushwa inaondoka yote bila kuacha mabaki katika poda. Hata hivyo sifa ninayoithamini kuliko hizo zote ni wepesi wake wa kubadilika karibu na nukta ya kritikali. Kwenye nyuzi 40 na megapaskali 8, mita moja ya ujazo ya kaboni dioksaidi ina uzito wa karibu kilo 280. Ongeza shinikizo kufikia megapaskali 10 tu, uzito huo unaruka kufikia karibu kilo 630. Ifikishe megapaskali 20, unakuwa karibu kilo 840. Uwezo wa giligili kumumunyisha vitu unafuata msongamano wake, kwa hiyo hapa tuna kimumunyishaji ambacho nguvu zake zinapandishwa na kushushwa kwa mkono, halijoto ikiwa ileile na kemikali ikiwa ileile. Hakuna kiowevu cha kawaida kinachoweza kufanya hivyo.

Sasa tuitazame fuwele yenyewe. Ili fuwele izaliwe, mmumunyo lazima ukolee kupita kiwango ambacho kimumunyishaji kinaweza kukibeba kwa utulivu. Molekuli chache hukutana na kuunda kiini. Kiini kidogo mno humumunyuka tena, kwa kuwa gharama ya nishati ya kuwa na uso inazidi faida ya molekuli kukaa pamoja; kikivuka ukubwa fulani, kinakua. Kizuizi cha nishati ambacho kiini kinapaswa kukivuka kinapungua haraka kadiri ukolevu unavyozidi kiwango cha kujaa, na idadi ya viini vinavyozaliwa kwa sekunde inaongezeka kwa kasi ya kutisha. Dawa iliyopo ikigawanywa kwa viini vingi, kila kimoja kinapata kidogo, na fuwele zinabaki ndogo. Ikigawanywa kwa viini vichache, zinakuwa kubwa. Kwa hiyo swali la ukubwa ni swali la jinsi tulivyokolesha mmumunyo, kwa kasi gani, na kwa usawa gani kutoka pembe moja ya chombo hadi nyingine.

Mbinu ya kwanza, inayofahamika kwa ufupisho wa RESS, inafuata moja kwa moja jambo lile la 1879. Dawa humumunyishwa ndani ya kaboni dioksaidi ya superkritikali, kisha mmumunyo hupitishwa kwenye nozeli yenye tundu la makumi machache ya mikromita na kutoka upande wenye shinikizo la kawaida. Msongamano unaporomoka katika muda unaopimwa kwa mikrosekunde. Uwezo wa kumumunyisha unatoweka, na viini vinazaliwa kwa wingi usiopatikana katika njia za kawaida za kupoza mmumunyo. Kwa kuwa mabadiliko ya shinikizo yanasafiri ndani ya giligili kwa kasi ya sauti, ukolevu unapanda karibu sawasawa kila mahali, na hilo linasaidia chembe zitoke zikiwa na ukubwa unaokaribiana. Hakuna kimumunyishaji chochote cha kikaboni kilichotumika. Kwa mawazo, ndiyo mbinu safi kuliko zote.

Tatizo lake liko kwenye hesabu ambayo ningemshauri kila mtu aifanye kabla ya kuagiza kifaa. Kaboni dioksaidi inashirikiana vizuri na molekuli ndogo zisizo na ncha za umeme, na kwa dawa nyingi umumunyifu ndani yake ni mdogo mno, kwa kiwango cha molekuli moja ya dawa katika elfu kumi za gesi hadi moja katika milioni kumi. Tuchukue dawa yenye uzito wa molekuli wa 300, na umumunyifu wa molekuli moja katika laki moja. Kilo moja ya kaboni dioksaidi itabeba takriban miligramu 68 za dawa hiyo. Ili kupata kilo moja ya poda, zinahitajika karibu tani 15 za kaboni dioksaidi kupita kwenye tundu lisiloonekana vizuri kwa jicho. Ibuprofen humumunyuka zaidi ya hapo, na ndiyo sababu jina lake linajitokeza mara kwa mara katika kazi za RESS. Ilichaguliwa kwa kuwa inakubali. Tena giligili inapopanuka inapoa kwa nguvu, barafu kavu inaweza kujitokeza mdomoni mwa nozeli, na tundu likaziba. Nozeli hupashwa moto ili kulizuia hilo, na hapo kigezo kingine kimeongezeka cha kusimamia. Ninaiheshimu RESS kwa usafi wake, lakini sioni kwamba dawa nyingi zina nafasi huko.

Mbinu ya pili inalitumia tatizo la ya kwanza. Ikiwa dawa haitaki kumumunyuka katika kaboni dioksaidi, basi kaboni dioksaidi itumike kuifukuza dawa kutoka mahali ilipomumunyuka. Dawa huwekwa katika kimumunyishaji cha kikaboni kinachochanganyika na kaboni dioksaidi kwa urahisi, kama asetoni, methanoli au DMSO (dimethili salfoksaidi). Katika umbo lake la awali, gesi huingizwa ndani ya mmumunyo uliotulia chomboni. Gesi inamumunyuka ndani ya kiowevu, kiowevu kinafura na kuwa na ujazo mara kadhaa ya ule wa mwanzo, uwezo wake wa kuibeba dawa unapungua, na fuwele zinajitenga. Gallagher na Krukonis pamoja na wenzao waliionyesha njia hii mwaka 1989 kwa nitroguanidini, kemikali ya milipuko, wakaona kwamba kwa kubadilisha kasi ya kuingiza gesi walipata chembe za ukubwa na maumbo yaliyotofautiana sana. Gesi ikiingia polepole, viini ni vichache na fuwele zinakua kwa nafasi. Ikiingia kwa kasi, viini ni vingi na chembe zinakuwa ndogo.

Umbo lililoenea zaidi leo, linaloitwa SAS, linageuza mpangilio huo: mmumunyo ndio unaonyunyizwa ndani ya chombo kilichojaa kaboni dioksaidi inayotiririka. Katika miaka ya 1990 Mazen Hanna na Peter York, Chuo Kikuu cha Bradford, waliendeleza umbo linalojulikana kama SEDS, ambamo mmumunyo na kaboni dioksaidi vinaingia pamoja kupitia nozeli yenye mirija iliyowekwa mmoja ndani ya mwingine, ili mkondo wa gesi uupasue na kuuchanganya mmumunyo papo hapo unapotoka.

Ni hapa ambapo nadhani watu wengi huangalia mahali pasipo. Mjadala unahamia kwenye nozeli: kipenyo cha tundu, urefu wake, pembe yake. Nozeli ina nafasi yake, lakini anayeamua zaidi ni mchoro wa hali za maada wa mchanganyiko uliomo chomboni, yaani ramani inayoonyesha ni katika shinikizo na halijoto gani mchanganyiko huo una hali moja na wapi una mbili. Kaboni dioksaidi na kimumunyishaji, vikiwa pamoja, vina mpaka wao wa kritikali, usiolingana na wa kaboni dioksaidi peke yake. Kwa DMSO kwenye nyuzi 40, mpaka huo uko karibu na megapaskali 8 hadi 9. Chini ya mpaka huo, mmumunyo unaonyunyizwa hujikata kuwa matone halisi yenye uso na mkazo wa uso, na kila tone linakuwa chombo kidogo ambamo gesi inaingia na fuwele zinazaliwa. Chembe zinazotoka zina ukubwa wa tone, wakati mwingine tupu ndani. Juu yake kabisa, mkazo wa uso unatoweka kabla mkondo haujapata muda wa kujikata kuwa matone, mmumunyo unachanganyika na gesi kama gesi mbili zinavyochanganyika, na chembe zinashuka kufikia nanomita mia moja au mia mbili. Karibu na mpaka wenyewe, kwa kawaida juu yake kidogo, yote mawili yanashindana na chembe za mikromita zinapatikana. Kundi la Ernesto Reverchon huko Salerno limefanya kazi kubwa kulionyesha hili kwa dutu nyingi. Nozeli ileile, mmumunyo uleule, na tofauti ya megapaskali mbili au tatu inaweza kukutoa katika poda ya mapafuni ikakupeleka katika nanochembe.

Zaidi ya hapo, mpaka huo hautulii. Dawa yenyewe, ikiwa imekolea vya kutosha, inausogeza. Mtafiti anayechukua takwimu za kaboni dioksaidi na asetoni vitabuni, kisha akafanya kazi karibu na mpaka akiwa na mmumunyo mzito wa dawa, anaweza kuwa ndani ya eneo la hali mbili bila kujua. Chombo chenye madirisha ya yakuti, kinachoruhusu kuona kama kuna tabaka mbili au moja, kinafaa kuliko nozeli za aina kumi. Ninalisema hili kwa msisitizo kwa kuwa matokeo yasiyorudiwa, ambayo mara nyingi yanalaumiwa juu ya kifaa, yana maelezo rahisi pale mtu anapoangalia tu kilichokuwa ndani.

Baada ya chembe kujitenga inabaki kazi ya kuosha, nayo inaonekana ndogo mpaka inapoharibu kila kitu. Chombo kimejaa mchanganyiko wa kaboni dioksaidi na kimumunyishaji. Shinikizo likishushwa wakati huo, mchanganyiko unavuka tena mpaka wake, kimumunyishaji kinajitenga kama kiowevu, kinaanguka juu ya poda na kuimumunyisha upya. Kinachopatikana mwishoni ni ganda gumu badala ya poda. Ni lazima kaboni dioksaidi safi iendelee kupita, kwa shinikizo lilelile na halijoto ileile, mpaka kimumunyishaji kiondoke. Mwongozo wa ICH, baraza la kimataifa linalolinganisha masharti ya dawa, unaweka mipaka ya mabaki katika dawa: asetoni sehemu 5,000 kwa milioni, methanoli 3,000, daikloromethani 600, asetonaitraili 410. Kwa kuwa giligili ya superkritikali inapenya kwa urahisi katikati ya chembe, mipaka hiyo inaweza kufikiwa bila kupasha poda moto, jambo lenye manufaa makubwa kwa dawa zinazoharibiwa na joto.

Nimefika sasa kwenye jambo ninalolijali kuliko yote. Molekuli ileile ya dawa inaweza kujipanga ndani ya fuwele kwa njia zaidi ya moja, na kila mpangilio, yaani kila polimofu, una umumunyifu wake, uthabiti wake na tabia zake chini ya mashine ya vidonge. Paracetamol ina polimofu mbili zinazojulikana vyema. Ya pili ina tabaka zinazoteleza na hivyo inabanwa kuwa kidonge kwa urahisi zaidi, lakini ya kwanza ndiyo iliyo thabiti na ndiyo inayouzwa. Kisa cha ritonavir, dawa ya virusi vya UKIMWI, kinapaswa kukumbukwa na kila anayeunda fuwele. Iliidhinishwa mwaka 1996. Mwaka 1998 polimofu ambayo haikuwa ikijulikana ilijitokeza katika uzalishaji, ikiwa thabiti zaidi na yenye umumunyifu mdogo zaidi, kapsuli zikashindwa majaribio ya kumumunyuka, na ikabidi ziondolewe sokoni mpaka dawa ilipotengenezwa upya kwa namna nyingine. Wagonjwa waliotegemea dawa hiyo ndio waliobeba uzito wa mpangilio wa molekuli uliobadilika.

Wilhelm Ostwald alieleza mwaka 1897 kwamba maada inapoacha hali moja haikimbilii mara moja hali iliyo thabiti kuliko zote. Mara nyingi hupitia kwanza zile zisizo thabiti. Tuliweke hilo kando ya yale tuliyosema juu ya viini. Tunapokolesha mmumunyo kwa kasi kubwa ili tupate chembe ndogo, tunaongeza pia uwezekano wa kunasa polimofu isiyo thabiti, au kukosa fuwele kabisa na kubaki na amofasi. Rifampicin, dawa ya kifua kikuu, iliponyunyizwa kutoka DMSO kwa njia ya SAS ilitoa chembe nzuri kwa ukubwa, lakini za amofasi. Ukubwa na mpangilio vinavutana. Anayetangaza nanochembe bila kusema ni za polimofu gani ametoa nusu ya taarifa, na kwa maoni yangu ni nusu iliyo nyepesi.

Thamani ya giligili ya superkritikali ni kwamba mvutano huo unaweza kusimamiwa. Kwa kuwa shinikizo, halijoto na uwiano wa mikondo vinabadilishwa kila kimoja kwa wakati wake, mtu anaweza kuutembelea mchoro mzima bila kubadilisha kimumunyishaji. Salmeterol xinafoate, dawa ya pumu, ni mfano ninaoupenda. Ina polimofu mbili, na kwa SEDS kila moja ilipatikana ikiwa peke yake, kwa kurekebisha hali za chombo, halijoto ikiwa kigezo kikuu. Fuwele hizo zilitoka zikiwa na ukubwa unaofaa mapafuni, bila kupita kinuni na bila majeraha ya kinu, na hivyo poda yake inatawanyika kwa urahisi zaidi kuliko iliyosagwa. Mfano huo unanishawishi kuliko chembe yoyote ya nanomita 50, kwa sababu unaonyesha uamuzi: tulitaka mpangilio huu, na huu ndio uliotoka. Uwezo huohuo unatumika pia kuunda fuwele za pamoja, ambamo dawa na molekuli nyingine isiyo na madhara hukaa katika mpangilio mmoja ili umumunyifu upande.

Mbinu ya tatu, PGSS, nitaipitia kwa haraka, si kwa kuwa haifai, ila kwa kuwa haihusu sana fuwele za dawa peke yake. Mafuta magumu au polima huyeyushwa chini ya kaboni dioksaidi, gesi inaingia ndani yake kwa wingi na kushusha kiwango cha kuyeyuka, wakati mwingine kwa makumi ya nyuzi, kisha mchanganyiko unapulizwa kupitia nozeli na kuganda ukiwa poda. Haihitaji kimumunyishaji, na gesi inayotumika ni kidogo sana ikilinganishwa na RESS. Inafaa kuifungia dawa ndani ya kibebeo, na viwandani imekubalika kwa urahisi kuliko nyingine.

Kuhusu mashine, kuna mambo ambayo ripoti huyaacha. Pampu lazima ipewe kaboni dioksaidi ikiwa kiowevu baridi, la sivyo inavuta mvuke na mtiririko unayumba, na mtiririko unaoyumba ni ukubwa wa chembe unaoyumba. Mipira ya kuzibia inafyonza gesi chini ya shinikizo. Shinikizo likiachiwa ghafla, gesi iliyo ndani yake inafura na kuipasua, kwa hiyo kushusha shinikizo ni kazi ya taratibu. Chembe za nanomita hupita kwenye chujio au kuliziba. Gesi inayotolewa ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, inajikusanya chini bila rangi wala harufu inayoweza kutegemewa kuonya, na kiwango cha kawaida kinachoruhusiwa kazini kwa saa 8 ni sehemu 5,000 kwa milioni. Kipima gesi karibu na sakafu ni cha lazima. Kupanua kutoka gramu hadi kilo ni kugumu zaidi ya yote haya, kwa sababu usawa wa kuchanganyika uliopatikana katika chombo cha nusu lita hauji wenyewe katika chombo cha lita 50. Njia inayoonekana ya busara ni kutumia nozeli nyingi zinazofanana, kila moja ikifanya kazi katika hali zilizokwisha kuthibitishwa, badala ya moja kubwa.

Kwa anayeanza, ningependa aanze na dirisha kabla ya nozeli: aangalie dawa, kimumunyishaji na kaboni dioksaidi vikiwa pamoja, aweke alama mahali hali mbili zinapokuwa moja, kisha achague sehemu tatu za kufanyia kazi, chini ya mpaka, karibu nao na mbali juu yake. Poda ya kila sehemu ipimwe ukubwa, lakini ipimwe pia kwa eksirei na kwa kalorimita ili ijulikane ni polimofu gani na kama kuna amofasi iliyojificha ndani yake. Kisha ihifadhiwe kwa miezi sita kwenye nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 75, kama miongozo ya uthabiti wa dawa inavyotaka, na ipimwe upya. Vilele vya mchoro wa eksirei vikiwa palepale, na chembe zikiwa hazijashikana, hapo kuna sababu ya kuzungumza juu ya chombo kikubwa zaidi.